Mluzi kwenye Spika

Juzi hapa Kitengela kijana alikuwa anajaribu maikrofoni mbele ya duka, na ile harufu ya spika mpya, ya gundi na mbao, ikanirudisha kwenye mchana ambao baba alinunua yake ya kwanza.

Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wetu wote. Mimi mama alikuwa ameniambia wameenda Namanga kutafuta nyasi, nami nikaamini. Baba sasa alitaka kukodisha muziki kwa harusi, maana hakujua afanye nini kingine, na kuhusu spika hakujua lolote.

“Ongea tu, mzee, ujisikie,” muuzaji akamwambia.

Baba alishika maikrofoni. Halafu akapiga mluzi, ule wa kuita ng'ombe jioni. Aliupiga kwa spika ndogo, kisha kwa ile kubwa, mpaka watu wa barabarani wakageuka.

“Chukua hii kubwa, baba,” nikasema. “Namanga ni mbali. Hiyo ndogo hawataisikia.”

Muuzaji akacheka. Baba aliinama, akaegemeza paji la uso kwenye ile spika kubwa, mabega yakitetemeka. Nilidhani anasikiliza kama wanajibu.