Pudingi Iliyochelewa Treni

Katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, walikuwako akina mama wawili waliotumia furu moja, yaani tanuri la kuokea. Furu yenyewe ilikuwa ya Simone. Ilikuwa furu kuukuu ya umeme, mlango wake ukifungwa kwa waya, aliyoachiwa na fundi mmoja mgeni wakati anafunga virago kurudi Ulaya. Lakini watu wa Panda hawakusema "furu ya Simone." Walisema "furu ya ba mama," kwa sababu asubuhi ilikuwa na sinia la Simone na mchana ilikuwa na sinia la Kabedi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Simone alijifunza kupika kwa masista, alipokuwa msichana wa jikoni. Huko ndiko alikojua kwamba mkate uliolala si wa kutupa. Unauvunja vipande, unauloweka katika maziwa, unapiga mayai, unaunguza sukari kidogo mpaka iwe rangi ya asali, unaimimina kwenye kitako cha sufuria, unaweka mkate wako juu, kisha unakwaruza ganda la limau juu yake. Watu waliita kile chakula pudingi ya Mama Bertin, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Kabedi yeye alikuwa na mkono wa mahindi. Msimu wa mvua, mahindi yakiwa bado na maziwa yake, aliyakuna kwenye bati alilolitoboa kwa msumari, akachanganya na mayai na siagi, akaoka mpaka juu pawe pekundu na ndani pabaki laini kama uji uliokataa kumwagika. Wazazi wake walitoka Kasai, wakaletwa Katanga kufanya kazi ya shaba zamani sana. Yeye mwenyewe alizaliwa palepale Panda, akabatizwa palepale, akaolewa palepale na Kazadi, karani mpole aliyependa kuvaa tai hata siku ya kufyeka majani. Kasai alikuwa hajaiona kwa macho.

Baada ya Misa ya Jumapili walisimama pamoja nje ya kanisa, kila mmoja na sinia lake. Siku za kazi waliuzia Kikula, sokoni. Anayetaka mahindi alikata kwa Kabedi, anayetaka mkate alikata kwa Simone, na watoto waliopewa ruhusa ya kuchagua walisimama katikati wakihangaika.

Mwaka wa tisini na moja, askari walipopora maduka na watu wakawafuata nyuma, hamira ilipotea Likasi. Mikate ikapotea pia. Simone alikaa mbele ya furu yake tupu, mikono mapajani, akaona kazi yake imekwisha. Kabedi ndiye aliyemtoa hapo. Alileta chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa, ndani mna unga ulioloweshwa maji siku nyingi, unachemka vipovu, unanuka uchachu.

"Mama Bertin, chachu iko muntu," Kabedi alimwambia. "Unaikulisha asubuhi, unaikulisha mangaribi. Ukiisahabu, inakufa."

"Na mukate yake itakuwa muzuri?"

"Itakuwa mukali kidogo. Weye utaona."

Ulikuwa mkali kidogo kweli, na mzito, na ulichukua mchana kutwa kuumuka. Lakini ulipolala na kuingia katika pudingi, ule uchachu uliukata utamu wa sukari, na watu waliokuwa wamezoea pudingi ya zamani wakasema hii mpya inaipita. Simone alijivuna kidogo. Hakuwa mtu wa kujivuna, kwa hiyo alikumbuka baadaye.

Mwaka uliofuata, maneno yalianza. Yalianza redioni na mikutanoni, kisha yakashuka sokoni, kisha yakaingia kambini. Kwamba watu wa Kasai wamejaa kazini, kwamba warudi kwao. Wakaitwa wadudu. Watu waliokuwa wakinunua mahindi kwa Kabedi wakaanza kuliona sinia lake limechacha. Jumapili moja, baada ya Misa, Simone alijikuta amesogea hatua chache mbali naye. Alijiambia anafuata kivuli.

Kiangazi kilipofika mwisho, vijana walikuja na matawi ya miti mikononi, wakiimba. Walipita nyumba kwa nyumba. Kwa Kazadi hawakukawia: walitoa kitanda, walitoa meza, walitoa mashine ya kushona, wakasema nyumba ina wenyewe. Kazadi alisimama uani na tai yake shingoni, akiwasihi kwa Kifaransa kizuri, na hakuna aliyemsikiliza. Binti yao Fidélie alikuwa amebeba sufuria kichwani na mdogo wake mgongoni.

Simone alikuwa nyuma ya pazia. Mumewe, Joachim, alimshika mkono.

"Usitoke," alisema Joachim. Alifanya kazi kiwandani, na mkuu wake wa kazi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakihutubia mikutanoni. "Ukitoka, kesho ni shiye batafukuza."

Kabedi alipita kwenye uzio wa maua uliotenganisha nyua zao. Hakulia. Alisimama pale mpaka Simone akashindwa kukaa ndani, akatoka mpaka mlangoni, akasimama hapo.

"Batatupeleka ku gare," Kabedi alisema. "Banasema treni itakuja. Mama Bertin, ukulishe ile chachu. Ya kwangu baliimwanga."

"Nitaikulisha."

"Utakuja kutuona?"

"Nitakuja. Nitawaletea pudingi."

Hayo ndiyo aliyosema, na alipoyasema alikuwa na nia kamili ya kuyatimiza.

Treni haikuja kesho yake, wala wiki ile. Watu walijaa stesheni, wakajaa kandokando ya reli, wakalala kwenye magunia na mikeka chini ya jua kali la mwezi wa tisa. Kila jioni habari zilifika Panda: maji hayatoshi, watoto wanaharisha.

Simone alianza kutafuta unga. Unga ulikuwa adimu. Hilo lilikuwa kweli. Alipoupata, chachu ilikuwa imelegea kwa baridi ya usiku, ikabidi aiamshe kwanza. Na hilo lilikuwa kweli. Mkate ulipoiva, ulikuwa mpya, na mkate mpya ukiulowesha unakuwa kama uji, haufai kwa pudingi. Na hilo pia lilikuwa kweli. Mkate ulipolala, watoto wake walikuwa na njaa, wakaula. Akaanza tena. Kila sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana zilimdanganya vizuri.

Jirani mwingine, Clotilde, mjane mwenye mguu mbovu, alikuwa akienda stesheni kila siku na ndoo ya maji kichwani. Vijana walimtukana njiani; aliwajibu matusi yao na kuongeza ya kwake. Siku moja alisimama kwa Simone kupumzika, akamwona anakanda.

"Mama Fidélie anakuulizaka," alisema Clotilde. "Kila siku anauliza: Mama Bertin eko muzima? Balimufanya nini?"

"Umwambie nakuja. Nangojea mukate ulale."

Clotilde aliutazama ule unga mezani, akamtazama na yeye. "Minye naendaka na maji tu," alisema. "Muntu hakulake mukate yako, anakutaka weye." Akajitwisha ndoo yake, akaondoka akichechemea.

Simone alimkasirikia siku nzima. Jioni alimwambia Joachim kwamba kesho atakwenda, iwe iwavyo. Joachim hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kazini wanatazama nani anakwenda stesheni, na kwamba wao wana watoto. Naye Simone akamsikiliza. Baadaye, miaka ilipopita, alikuwa akimlaumu mumewe moyoni; kisha alijikosoa mwenyewe, kwa maana Joachim hakuwa amefunga mlango. Alisema tu, na Simone akashukuru kwa kuambiwa.

Kisha Clotilde akaleta habari nyingine. Kazadi amefariki. Tumbo lilimshika, likamkausha, wakamzika.

Msiba ni msiba. Hata mtu uliyegombana naye, akifiwa unakwenda kukaa naye chini. Simone alijifunga kitenge palepale ili aondoke. Alifika mpaka uzioni, akasimama. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa ameahidi, alikuwa amechelewa, sasa aende kwenye kilio mikono mitupu? Atamwambia nini Kabedi? Akarudi ndani. Mkate uliolala ulikuwapo safari hii. Mayai alikopa. Maziwa ya unga yalikuwa ya mtoto wake mdogo, akayachukua. Akaunguza sukari ya mwisho nyumbani, akaweka sufuria katika furu, na kabla pudingi haijashika, umeme ukakatika.

Nyaya kutoka bwawa la umeme la Koni zilikuwa zikipita juu ya paa lake, zimenyooka, kama hakuna lililotokea. Akasubiri mpaka giza likaingia. Asubuhi alichimba shimo uani, akawasha makaa, akaweka sufuria ya pudingi ndani ya sufuria kubwa, makaa mengine juu ya kifuniko, akaoka kama walivyooka bibi zake. Ilitoka nzuri. Hilo nalo lilimuuma baadaye: kwamba haikuwahi kutoka nzuri namna ile. Akaifunga kwa kitenge ingali ya moto, akaitwika, akatoka Panda mchana kweupe mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna aliyemgusa. Vijana wawili walimsalimu hata, "Yambo, mama," wakaendelea na safari yao.

Stesheni kulikuwa na nafasi kubwa upande ambao watu walikuwa wamejaa zaidi. Paliachwa majivu, mafiga, vipande vya mikeka, kiatu cha mtoto. Germain, katekista wa parokia yao, alikuwa akiokota masufuria yaliyosahauliwa na kuyapanga kando ya ukuta.

"Treni ilikuja asubuhi," alisema Germain. "Walipanda juu ya paa hata. Bado kuna wengi, wanangoja ya pili."

"Mama Fidélie?"

"Ameenda."

Simone aliutua mzigo wake. "Alisema kitu juu yangu?"

Germain alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na siku ile ilikuwa afadhali angejua. "Mbele alikuwa anauliza," alisema. "Kisha Kazadi akafa. Tangu ile siku hakuuliza tena."

Simone akaifungua pudingi, akaikata na kuigawa kwa waliobaki. Walikuwa watu asiowajua, wa kutoka kambi nyingine. Walikula wamesimama, haraka, wakilinda vipande vyao kwa viganja. Mama mmoja mzee alilamba vidole, akamshika mkono, akamshukuru, akamwombea baraka kwa Kiluba kirefu, lugha ya Kasai. Simone alipokea zile baraka kwa sababu hakujua namna ya kuzikataa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa kila mtu. Kiwanda kilipunguza kazi, kisha kikawa kinanyamaza miezi mizima, na mshahara wa Joachim ukawa hadithi. Mkuu wake wa kazi aliondoka bila kuaga. Katika nyumba waliyonyang'anywa akina Kabedi walikaa watu wengine, wakang'oa milango kuwa kuni. Simone aliwalisha watoto wake kwa mkate mchachu na pudingi yake. Aliilisha chachu asubuhi na magharibi bila kukosa, na hapana siku aliyoilisha bila kumkumbuka aliyempa. Watu walipomwuliza kwa nini haoki na ya mahindi, alisema hajui. Alijua vizuri sana. Alikuwa amesimama kando ya lile bati mara ngapi?

Mwaka ambao vita vilipita na nchi ikabadilishwa jina, alifika kwake mfanyabiashara aliyeitwa Floribert, aliyekuwa akisafirisha chumvi mpaka Mwene-Ditu, huko Kasai. Alinunua kipande, akatafuna, akasema huko Mwene-Ditu yuko mama mmoja anayeoka mahindi, mama wa huku, Mama Fidélie.

Simone alikaa chini. "Eko muzima?"

"Muzima. Na batoto bake. Fidélie ameolewa." Floribert alieleza mengi: kwamba mwanzoni walilala chini ya turubai, kwamba watu wa kule waliwacheka kwa ajili ya Kiluba chao cha kuvunjika na kuwaita Wakatanga. "Alikuwa ananiuliza mambo ya Likasi sana. Kanisa, soko ya Kikula, ile miti mbele ya kambi kama bado iko."

"Na minye? Aliniuliza?"

Floribert alifuta mdomo. "Hapana, mama. Weye hakukuuliza."

Alipojiandaa kuondoka tena, alikuja kumwuliza kama ana salamu. Simone alikuwa ameziandaa kwa siku kadhaa. Alikuwa ameandaa kueleza unga ulivyokuwa adimu, mkuu wa kazi, umeme. Mbele ya Floribert zote zilimwisha.

"Umwambie pole ya kifo cha Baba Fidélie," alisema.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo."

Floribert alirudi mvua zilipokuwa zimeshika. Simone alikuwa uani anapepea makaa, hakuinuka.

"Nilimwambia," alisema Floribert. "Alikuwa anakuna mahindi, akaendelea kukuna. Nikafikiri hakusikia, nikarudilia. Akasema: nimesikia, umwambie pole yake imefika."

"Imefika."

"Njo vile alisema."

"Hakuongeza neno?"

"Hakuongeza."

Simone aliendelea kupepea. Alitaka kuuliza Kabedi alikuwa na uso gani aliposema vile, lakini aliona ni kumsumbua mtu wa watu na safari yake. Akamkatia kipande, akamkaribisha kiti. Floribert alikula akisimulia habari za njiani, treni iliyoharibika Kamina na daraja lililobomoka, na Simone akaitikia pale panapostahili kuitikiwa.