Ng'ombe Walioegeshwa Parklands

Mwanangu, ipo jioni moja inayonirudia kila redio inapoanza kusoma utabiri wa msimu. Ulikuwa mwaka 2009, mwaka wa ukame mkali, na mimi bado kijana nikiuza turubai katika duka la baba yangu kule Ngara. Turubai hazikuwa na wanunuzi. Mabwawa yalikuwa yamepungua hadi umeme ukawa wa mgao, jenereta zikanguruma mbele ya kila duka, na maji tukawa tunayanunua kutoka kwenye malori.

Tulikaa Parklands, katika fleti zilizojengwa juu ya nguzo, magari yakiegeshwa chini yake. Mama yangu aliitwa Ba na jengo zima, maana ndivyo sisi Wagujarati tunavyomwita mama. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake: chapati ya kwanza ya asubuhi huwa ya ng'ombe. Kwa kuwa mtaa wetu haukuwa na ng'ombe, miaka yote chapati ile ililiwa na kunguru. Mwaka ule ng'ombe walikuja wenyewe. Wafugaji wa Kajiado walikuwa wamepandisha mifugo hadi mjini kutafuta majani ya kando ya barabara, na mmoja wao, Lemayian, kijana wa rika langu, akawa anapitisha wake langoni kwetu. Mbavu zao zilionekana hata kutoka roshani ya juu.

Lemayian alimtania Ba kwamba chapati moja haiwezi kumrudishia ng'ombe nyama. Ba akamjibu kwamba hakuwa akilisha nyama, bali kiumbe kitakatifu kwake. Wakaelewana hivyo. Kila mmoja alijua mwenzake anawaonaje wanyama wale, na hakuna aliyemhubiria mwingine.

Wiki ile Lemayian alikuwa amekata shauri. Alfajiri ya kufuatia jioni ile ninayokusimulia angewapeleka wote Dagoretti, kwenye machinjio, ambako mifugo iliyokonda ilipangwa foleni na wanunuzi walitazama ngozi tu. Hao ndio waliobaki katika kundi la baba yake. Wakiisha, alituambia, atarudi nyumbani na fimbo isiyo na cha kuchunga.

Jioni hiyo tulikuwa langoni, na soja wetu, mlinzi wa lango, amewasha redio yake ndogo. Mtangazaji akasoma mwelekeo wa msimu: mvua za vuli zilitarajiwa kuzidi kiwango cha kawaida katika sehemu nyingi za nchi, na Nairobi na nyanda za kusini zingeanza kuzipata mapema, pengine kabla ya kesho. Hatukungoja zaidi. Soja alipiga makofi, mtu akapiga honi, watoto wakaanza kuimba. Lemayian alicheka hadi akainama. Dagoretti haendi tena, akasema. Alfajiri anawageuza ng'ombe kuelekea nyumbani, wakute majani yanaota.

Ba akateremka ngazi polepole. Alikuwa na redio yake jikoni, na kule juu hakukuwa na kelele.

"Mlisikiliza mpaka mwisho?" akauliza.

Ndipo akatueleza yaliyosomwa wakati sisi tukishangilia: mvua ingekuja na upepo na baridi, na wafugaji waliombwa wawaweke mahali pakavu wanyama waliodhoofika, kwa sababu mwili usio na mafuta haustahimili kulowa.

Lemayian aliacha kucheka. "Najua, Mama," akasema. "Niliona za baba yangu zikikufa hivyo, kwa matope, na majani inaota hapo kando. Najua. Ni vile tu leo sikutaka kujua."

Nilitazama upande wa Ngong. Mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi, na upepo ulituletea harufu ya udongo uliokwisha kulowa mahali pengine. Dagoretti palikuwa mbali kwa ng'ombe wanaojikokota. Uwanda wazi ndio ungewamaliza. Hapakuwa na paa la karibu ila letu.

Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Njuguna, alikataa kabla Ba hajamaliza kumwomba ng'ombe walale chini ya jengo. Haya ni makazi, si boma, akasema. Kuna sheria za jiji, kuna kinyesi, kuna wezi wanaongoja magari yalale barabarani. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Ba hakubishana naye. Aliniambia niondoe gari letu. Kila fleti ilikuwa na nafasi yake ya kuegesha, na nafasi yetu hakuna aliyeweza kutuamulia. Kisha akapanda ngazi, akagonga mlango baada ya mlango akiomba nafasi, hakuna zaidi. Daktari wa Kisingasinga wa ghorofa ya pili akashuka na ndala, funguo mkononi. Mwalimu jirani yetu akafuata, akinung'unika kwamba ukimkatalia Ba hutalala. Magari yakatoka moja moja. Mimi nikatoa turubai zilizokuwa kwenye buti nikazifunga kati ya nguzo, upande wa upepo.

Likabaki gari la Bwana Njuguna, limesimama penye mteremko wa kuingilia, na mwenyewe ameketi ndani, vioo vimefungwa. Ng'ombe hawakuweza kupita. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati ya kibanda cha soja. Ng'ombe mmoja akapiga magoti, na Lemayian akawa anamvuta mkia kumwinua, akimsemesha kwa Kimaasai.

Ba alikwenda akagonga kioo.

"Mwenyekiti, gari yako ikilowa itakauka," akasema. "Hawa wakilowa hawaamki."

Hakupaza sauti. Alisimama pale, sari ikimlowa mabegani, na Njuguna akamtazama. Kisha taa za gari zikawaka. Hatukujua kama anasonga mbele azibe kabisa au anarudi nyuma. Akarudi nyuma hadi barabarani, akashuka, akaja na tai yake shingoni kumsukuma kwa bega yule ng'ombe aliyeanguka.

Mvua ilinyesha hadi kukapambazuka. Ng'ombe yule hakuiona asubuhi. Wengine wote walikuwa wamesimama, wakitoa mvuke katikati ya nguzo zetu, na walikaa hapo hadi walipopata nguvu ya kutembea. Baadaye watu waliotoka Kajiado walitusimulia juu ya mizoga iliyotapakaa uwandani, ya mifugo iliyovumilia ukame wote ikaja kuuawa na mvua iliyosubiriwa. Lemayian aliposikia, alikwenda akamshika Bwana Njuguna mkono, na hakuuachia upesi.

Siku hizi, mwanangu, utabiri unakufikia kwenye simu kabla wingu halijaonekana. Usome mpaka mwisho. Usisherehekee mstari wa kwanza, maana mara nyingi la kukuokoa wewe au jirani yako limeandikwa chini yake. Na ukishasoma, jiulize ni nani ambaye ukame umemwacha bila nguvu ya kuipokea hata neema, uende ukamtafute kabla haijafika. Ukiwa na nafasi, hata ya gari moja, usingoje mwenyekiti akubali ndipo uitoe.

Mungu akujalie masikio yasiyochoka katikati ya shangwe. Mvua ikukute chini ya paa, na chini ya paa hilo asikose mahali yule aliyechelewa kufika kwake.