Gauni la Kabanga

Wakati wa baridi, asubuhi za Likasi huanza taratibu. Vumbi jekundu la barabara ya Kambove huwa limelala kwa umande, malori ya mawe hayajaanza kulia mlimani, na vilima vinavyouzunguka mji huonekana kama vitu vilivyokumbukwa nusu. Fortunée Ngalula aliipenda saa hiyo kuliko zote, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambayo dunia ilifanana na kichwa chake.

Alikuwa mshonaji. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na katika nyumba ya matofali aliyoiacha, Fortunée aliweka cherehani karibu na dirisha. Mumewe alipofariki, alikunywa vidonge vya huzuni miaka kadhaa, navyo vilimsaidia: vilimtoa kitandani, vikamrudisha kwenye kazi. Kisha daktari akamwachisha polepole, kidonge kikawa nusu, nusu ikawa robo. Huzuni haikurudi. Kilichobaki ni ukungu. Aliweza kusimama na chaki mkononi akitazama kitambaa kama mtu anavyotazama mto ukipita, chai ikapoa pembeni. Daktari alimwambia hali hiyo huweza kukawia, aendelee kuja kumwona, asijipe dawa mwenyewe. Kwa Kifaransa aliiita brouillard, ukungu. Kwa Kiluba Fortunée hakupata jina lake. Kwa Kiswahili cha mtaani alisema tu kwamba kichwa kiko na moshi, na majirani wakamshauri apunguze kupikia makaa.

Ndipo Jessica wa mtaa wa pili alipomletea kitenge cha buluu chenye ndege weupe, kipande cha mwisho alichokipata Lubumbashi, kishonwe magauni mawili. Wanawe pacha, Mbuyi na Kabanga, walikuwa wapelekwe Jumapili kwa bibi yao mzaa baba, ambaye alikuwa hajawaona bado. Kwa Waluba, anachopewa Mbuyi hupewa na Kabanga, kipimo kile kile. Pacha aliyepunjwa huchukia, na akichukia sana, wazee husema, huenda akaamua kurudi alikotoka.

Fortunée alilimaliza gauni la Mbuyi, akalitundika. Akakikunjua kitambaa kilichobaki. Ndege walionekana kusogea kidogo, naye akawafuata, juu ya mapaa ya mabati, juu ya reli, hadi mahali ambapo hapakuwa na jina la kitu chochote. Aliporudi, mezani kulikuwa na blauzi iliyokatwa tayari, mikono na kola, kipimo cha mwanamke mzima asiyemjua. Vipande vilivyosalia havikutosha hata gauni la mtoto mchanga.

Akaketi. Angeweza kusema panya wamekitafuna. Ukweli ukijulikana, nani angemletea tena kitambaa? Dada yake Suzanne alikwisha kumwambia afunge kazi ahamie kwake Kakanda, akae tu, alishwe. Fortunée aliogopa kukaa tu kuliko alivyowahi kuogopa kufa.

Alasiri Jessica akaja, Mbuyi mgongoni, Kabanga kifuani.

“Mwambuyi,” Fortunée alisema, kwa maana ndivyo mama wa pacha anavyoitwa, “robe ya Mbuyi iko. Ya Kabanga haiko. Nilikata mubaya.”

“Ulikata nini?”

“Blouse. Sijue ya nani. Tangu niliacha dawa, kichwa yangu haiyarudia bado. Miye ni muntu wa kulala macho wazi.”

Jessica aliokota mkono mmoja wa blauzi mezani, akaupima kwa wake. Mama wa pacha ana ruhusa ya kumtukana yeyote anayekutana naye, na aliyetukanwa sharti arudishe tusi lenye uzito ule ule, wacheke. Ndivyo pacha wanavyosalimiwa. Mtaani wote walijibu, isipokuwa Fortunée. Maneno yake yalifika wakati mgeni amekwisha kuondoka. Mwishowe Jessica aliacha kumtukana, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma.

Leo Jessica alivuta pumzi. “Weye mushonaji gani, mikono yako inaenda kutembea, weye unabakia nyumba? Macho kama ya samaki ya kukausha!”

Kabanga akakohoa. Kisha, kutoka mbali, kama mtu anayepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, neno likaja, na jingine nyuma yake.

“Na weye,” Fortunée alisema, “unapumua kama kamio ya Kambove inapanda mulima. Mizigo mbili, na frein haiko.”

Lori lisilo na breki! Jessica alicheka hadi akatafuta kiti.

Wakalifumua gauni, wakakusanya na vipande vya blauzi. Fortunée alitoa satini nyeupe iliyobaki ya arusi fulani: juu ndege, chini nyeupe, magauni yote mawili sawa. Jessica aliketi mezani, na kila kipande kilipokatwa alitaja ni cha nani, “Ya Mbuyi,” kisha, “Ya Kabanga,” na hakuna kilichofuata kabla wote wawili hawajapata. Ukungu ulipokuja, sauti ile ilikuwa bado ipo ndani yake, na mkasi uliifuata.

Jua liliposhuka, Jessica akaitukana miguu ya Fortunée. Fortunée akafungua kinywa, asipate kitu. Weupe wa ukungu uliingia tena, laini, ukajaza chumba. Akamwangalia Jessica, akitarajia ile huruma.

“Sitoke hapa bila jibu yangu,” Jessica alisema, akimshikia pindo la gauni.

Cherehani ikaendelea, polepole.