Maitu, Funga Mbwa

Nikikumbuka utoto wangu, kabla sijaona uso wa mtu yeyote nasikia mnyororo. Ulikuwa mnyororo wa ng'ombe, mzito na wenye kutu, uliofungwa kwenye shina la mkima nyuma ya jikoni, na ulipoburutwa juu ya mawe ulitoa mlio ambao hadi leo nikiusikia kwa jirani naacha ninachofanya. Boma letu lilikuwa Kalimoni. Siku hizo kulikuwa na mashamba ya mahindi na maharagwe, nyumba za mabati hapa na pale, na machimbo ya mawe ambayo wenyewe walikuwa wameyaacha yajae maji ya mvua. Ua wetu ulikuwa wa kayaba, mmea wenye miiba mirefu ambao hata mbuzi huupitia mbali, na lango lilikuwa mbao tatu na waya. Kama ilivyokuwa katika maboma yote ya huko, mgeni hakuingia hivi hivi. Alisimama nje, akapaza sauti: "Mbwa imefungwa?" Hapo mtoto alitumwa mbio kumfunga mbwa, na mgeni akangoja mpaka asikie mnyororo ndipo asukume lango. Katika boma letu mtoto huyo nilikuwa mimi.

Mbwa mwenyewe aliitwa Popi. Mama alimleta ndani ya kiondo kutoka kwa dada yake, tukamwita Popi kama wanavyoitwa watoto wote wa mbwa kwetu, tukikusudia kumtafutia jina la maana akikua. Akakua, akawa mkubwa kama ndama, wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, na bado akaitwa Popi. Hakuwa mbwa wa kuuma. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi juu yake. Akitaka kumzuia mtu alimshika mkono wa nguo kwa meno, taratibu, akakaa chini na kuvuta. Siku moja nilikuwa nimeachiwa mdogo wangu Njoroge, mwenye umri wa miaka minne, nami nikawa juu ya mpera nikijali tumbo langu. Niliposikia Njoroge akilia niligeuka nikamwona kwenye ukingo wa machimbo, maji ya kijani chini yake, na Popi amemshika mkono wa sweta, amekita miguu, anavuta bila kuchoka. Njoroge alilia kwa hasira, maana alitaka kutupa jiwe lake majini. Sweta ile ilikuwa imefumwa na mama. Mkono mmoja ulirefuka mpaka magotini, naye akaivaa hivyo hivyo mpaka ikaisha. Mama alimpa Popi mfupa wa supu uliokuwa haki ya baba, na mimi akanipa kiboko nilichostahili.

Tulikuwa na paka pia, ambaye hakuna aliyejisumbua kumpa jina. Kazi yake ilikuwa kukamata panya na kulala juu ya miguu ya Njoroge, lakini alikuwa na kipaji kingine. Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Thika, na paka alizijua hatua zake kuliko sisi. Baba akija vizuri, paka alibaki amejikunja. Akija na zile hatua nyingine, paka alikuwa ameshatoka dirishani kabla lango halijafunguliwa, nasi tukajua tuokote daftari zetu na kukaa kimya. Huo ndio ulinzi aliotupa, wa kutuonya kisha kujiokoa mwenyewe. Simlaumu.

Msimu ninaousimulia ni wa mvua za Aprili, shule zikiwa zimefungwa, nikiwa na miaka kumi. Kiwanda kiliwarudisha wafanyakazi wengi nyumbani wangoje kuitwa, na baba akawa mmoja wao. Mtu aliyezoea king'ora kumwambia lini aamke, lini ale na lini apumzike, sasa akawa hana wa kumwambia chochote isipokuwa mama, na kila mama aliposema neno likawa kosa. Alishinda ameketi barazani akiangalia matone yakianguka kutoka kwenye mabati. Siku moja adhuhuri aliingia jikoni kuuliza kwa nini chakula kinachelewa. Mama alimjibu kwamba kuni zimelowa. Baba akainua mkono. Ukabaki juu, kwa sababu Popi alikuwa amemshika mkono wa koti, amekaa chini, anavuta polepole kama alivyomvuta Njoroge machimboni. Baba akashusha mkono, Popi akaachia na kurudi mlangoni kulala. Baba akatoka. Mimi na Njoroge tulijificha nyuma ya tangi la maji tukacheka mpaka tumbo likauma. Nilidhani tumepona.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu jina langu. Mimi ni kifungua mimba, naitwa Wairimu, jina la mama yake baba, na kwa hiyo, kama wafanyavyo akina baba wengi wa Kikuyu, hakuniita Wairimu. Aliniita maitu, yaani mama yangu. Hata alipokuwa na hasira aliniita hivyo, kwa upole, na mimi nililipenda jina hilo kuliko lile la kubatizwa.

Siku mbili baada ya kisa cha jikoni, baba alinena kutoka barazani. "Maitu, funga mbwa." Sikuwa nimesikia mtu akiita langoni, lakini nilidhani yeye amesikia. Nilimwita Popi, akaja. Alikuwa na tabia ya kuniinamishia shingo ili nimvishe mnyororo, mimi peke yangu, wengine iliwabidi wamkimbize boma zima. Nikamfunga, nikaenda mbio kumfungulia mgeni. Nikasimama pale nikaangalia njia kushoto na kulia. Ilikuwa tupu, tope tu na alama za mkokoteni. Nikiwa bado nimeshika waya wa lango, nikasikia kilio cha mama nyuma yangu, ndani ya nyumba.

Ikawa hivyo mwezi mzima. Mara ya tatu nilikataa, nikasema mkono unaniuma. Mama mwenyewe ndiye aliyekuja kunishika bega. "Funga tu, Wairimu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukikataa ataiua, na mimi nitapigwa tu." Nikafunga. Ng'ambo ya kayaba alikaa Mama Atieno, aliyekuwa amehamia huko kutoka upande wa magharibi, mwanamke mwenye macho ya kuona mbali. Alikuwa akisikia mnyororo mchana kila baada ya siku chache, na siku moja akamuuliza mama kupitia kwenye upenyo wa ua: "Mama Wairimu, kwani nyinyi wageni wenu hawaishi?" Mama akacheka. "Ni watu wa kwao baba Wairimu," akasema. "Wakijua mtu hana kazi ndiyo wanakuja kumsalimia." Walicheka wote wawili, lakini Mama Atieno alibaki akimtazama hata baada ya kicheko kuisha.

Sijui kama ni Mama Atieno au ni nani aliyelifikisha neno kanisani. Ninachojua ni kwamba Jumamosi moja mzee wa kanisa alimsimamisha baba njiani, akamshika mkono, akamwuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama. Baba alirudi saa kumi alasiri. Paka aliruka dirishani. "Maitu, funga mbwa," baba akasema, na safari hii Popi hakuja. Alikuwa amekaa katikati ya uwanja, ananitazama. Nilimwita tena kwa ile sauti niliyomwitia tukienda shule. Nikaingia jikoni nikachukua ukoko wa ugali, nikamwonyesha. Hakuna aliyenituma kuchukua ule ugali. Hilo ndilo limenikaa kifuani miaka yote hii, kwamba lile wazo la ugali lilikuwa langu. Akaja, akala mkononi mwangu, akainamisha shingo.

Nilimfuata Njoroge nyuma ya tangi, nikamziba masikio. Mimi sikuwa na wa kuniziba yangu. Popi alivuta mnyororo mpaka ganda la mkima likachunika na shingo yake ikatoka damu. Hakubweka. Kilichosikika ni mnyororo tu ukijinyoosha na kulegea. Ilipokwisha, mama alitoka na kunawa uso kwenye tangi bila kututazama. Nilikwenda nikasimama kushoto kwake, nikasema, "Mama, nisamehe." Hakugeuka. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Aliponiona alishtuka, akaniuliza nimefika hapo lini. Sikio lile la kushoto halikusikia tena.

Mama mwenyewe alimfungulia Popi jioni hiyo, na tangu hapo Popi hakukubali mnyororo tena. Akiniona nakuja, aliinuka na kuhamia kwenye mahindi. Nilimbembeleza, nikalia, nikamwekea nusu ya chakula changu. Alikula nikishaondoka. Kwa mtoto ilikuwa adhabu kubwa kuliko kiboko chochote, na niliona ni haki yangu. Wageni wa kweli walikoma kuingia, wakawa wanasalimia wakiwa langoni na kwenda zao. Popi alilala kwenye kizingiti cha jikoni mchana kutwa, na baba akawa anamzunguka. Karibu wiki tatu mama hakuguswa.

Kisha nikarudi kutoka kuteka maji nikakuta kizingiti kitupu. Kwenye mkima palibaki alama iliyochunika, mnyororo haupo. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu, tayari kwenda kituo cha matatu kwa rafiki zake. "Ilikuwa imeshikwa na kichaa," akasema. "Nimeipeleka." Hakusema wapi, na hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa anafua. Alisubiri lango lifungwe, akasuuza nguo zilizobaki, lakini hakuzianika. Alizikamua, akazitia mbichi ndani ya mfuko. "Mbebe Njoroge," akaniambia. Nilitafuta sweta yangu ya shule kila mahali sikuiona, nikaondoka bila sweta. Nilimwuliza habari ya paka. "Huyo atajitafutia," mama akasema. Tukatoka kwa miguu hadi Juja, na kufikia jioni tulikuwa kwa dada yake huko Mwiki, nguo zikichuruzika sakafuni kwa watu.

Sikuondoka Mwiki tena. Ninapoishi sasa nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akikaanga kitunguu mimi ndiye ninayepiga chafya. Mama anakaa nami, kiti chake kimewekwa ili sikio la kulia lielekee mlangoni. Nina mbwa anayeitwa Bruno, jina alilopewa na binti yangu, na sina mnyororo. Mgeni akiita natoka mwenyewe, namshika mkono, naingia naye, na Bruno akiona hivyo anarudi kulala. Wanaoleta mitungi ya gesi wananilalamikia, na mwenye duka la hapo mbele ananiita mama wa simba. Nimezoea. Binti yangu ana miaka kumi na hajui kumfunga mbwa. Nikimtazama akimvuta Bruno sikio, naona mtoto ambaye hajawahi kusikiliza hatua za mtu yeyote.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya kanisa, sauti ikaita langoni. "Maitu, mbwa imefungwa?" Miaka thelathini na zaidi sikuwa nimeisikia, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshainuka na kumshika Bruno shingoni. Aliiinamisha. Mama alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. "Ni nani?" akauliza. Nikamwambia ni baba. Aliokota jiwe moja, akalitupa. "Mwambie haijafungwa," akasema, na akaendelea kuchagua.

Nilimpelekea baba chai langoni. Amezeeka, koti limemzidi, na Njoroge ndiye aliyemwelekeza njia. "Si uifunge kidogo tu niwasalimie," akasema. Nikamwambia hapa hatuna mnyororo. Alikunywa chai akiwa amesimama nje, akiniangalia juu ya kikombe, na bila kuulizwa akaanza kuzungumza juu ya Popi. Alisema hakumuua. Alimpeleka Thika na pikapu ya mtu, akamfunga kwenye mti nyuma ya mtaa wa Makongeni, akamwacha hapo.

"Ulimfunga vipi?" nikamwuliza. "Alikuwa amekataa mnyororo."

"Nilichukua sweta yako ya shule," akasema. "Ikanusa, ikakuja yenyewe. Hata ikainamisha shingo."

Miaka yote hiyo nilijua kwamba Popi aliacha kuniamini, na nilikuwa nimejifunza kuishi na jambo hilo. Kumbe siku ile ya mwisho alikuwa akinikimbilia mimi. Nililia pale langoni, mtu mzima, mbele ya wapita njia. Baba alimaliza chai, akageuza kikombe kumwaga majani, akaninyooshea mkono mwingine ili nimwingize ndani kama ninavyowaingiza wageni wote. Nilikipokea kikombe. Nikafunga lango, na mbwa sikumfunga.