Mimba ya Ubavuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na minane, nilipongezwa kwa mimba ambayo sikuwa nayo. Nikasema asante.

Wakati huo nilikuwa nasafisha ofisi kule Märsta, huku huku Uswidi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikutana mtaa wa Tumba, kikundi chetu cha akina mama. Nilikuwa nimekonda. Usiku jasho linalowesha shuka, kutwa nimechoka, lakini tumbo linazidi kuja mbele. Unawajua watu wetu: ukikonda, wanakuzika huku wakinywa chai. Nikavaa masweta mawili kuficha mikono, tumbo nikaliacha lijisemee. Baba yako nilimwambia ni gesi tu, naye, maskini, akaamini.

Wenzangu wakaanza kuleta nguo za mtoto. Mama Akinyi, aliyekuwa mkunga kwao Kisumu, akaleta sweta dogo la manjano alilolifuma mwenyewe. Aliponikumbatia, mkono wake ukagota uvimbe mgumu ubavuni mwangu kushoto. Akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wee, mimi nimezalisha watoto mpaka nikachoka. Mimba gani hii inakaa ubavuni?"

Nikamwambia naogopa kusemwa.

"Basi watasema kwa matanga yako. Hutaki wakuone umekonda, unataka wakuone umekufa?"

Nilikasirika, sitakuficha. Lakini Jumatatu alinifuata nyumbani Bredäng, akanipeleka hospitali, akakaa nami mpaka damu ikatolewa. Majibu yalipotoka, daktari alinieleza polepole: uboho, ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, ulikuwa unazalisha chembe nyeupe kupita kiasi, na bandama langu, pale pale ubavuni kushoto, limevimba kwa sababu hiyo. Ilikuwa saratani ya damu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Akasema aina yangu ina dawa ya vidonge, mtu anameza kila siku nyumbani kwake. Nikadhani ananibembeleza.

Alisema kweli. Vidonge vilinitia kichefuchefu na kunivimbisha macho, lakini jasho lilikatika na tumbo likarudi. Sweta nilimrudishia Mama Akinyi kwa aibu. Akakataa. "Likae. Litapata mwenyewe." Miaka ikapita, damu ikatulia, madaktari wakaniruhusu kuacha vidonge huku wakinipima mara kwa mara. Si kila mgonjwa anaruhusiwa, mimi nilijaliwa. Baadaye sweta likapata mwenyewe, na wewe ukalitapikia siku ya kwanza.

Sasa nakuona umepauka, miguu ina madoa ya kuvilia damu. Nikikuuliza, unanijibu kwa Kiswidi kwamba ni kazi za uwanja wa ndege. Huenda ni kazi kweli. Huenda umepungukiwa madini ya chuma tu, na dawa yake ni nyepesi. Sijui, wala wewe hujui, mpaka damu ipimwe.

Nasaha yangu ni hii: mwili ukibadilika, usiutafutie jina la kuwaridhisha watu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kapimwe, na ukipewa dawa usiiache eti kwa kuwa umejisikia nafuu. Nimeshapiga simu kituo cha afya. Miadi yako ni kesho saa tatu asubuhi, na nitakungoja stesheni.

Mungu akupe afya na ujasiri wa kusema unapoumwa. Sweta bado ninalo kabatini, nimelifua. Akujalie siku moja umvalishe mwanao.