Mama Alipoisikiliza Ekseli

Mwezi uliopita nilirudi Riyadh kikazi, na miguu ikanipeleka Malaz, mtaa niliokulia. Uwanja wa nyuma ya jengo letu sasa ni hoteli. Nilisimama pale nikicheka peke yangu hadi mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Ningemwambiaje, rafiki yangu, kwamba hapo ndipo mama, muuguzi, alipowashinda mafundi?

Tulikuwa na gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kila Ijumaa lilitupeleka jangwani na chai ya tangawizi na vitumbua vya mama, tukarudi na mchanga hadi kwenye meno. Kisha baba, Mzanzibari wa damu, alilipiga maji kwa mpira, uvunguni zaidi. Pwani, alisema, chumvi hula chuma. Asiyeosha chini hana gari.

Mwaka mmoja, nikiwa mdogo, bibi, mama yake baba, alikuja umra. Angelala Jeddah siku mbili, mtaa wa Nuzha kwa jamaa, kisha arudi Unguja. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ndege zilikuwa zimejaa watu wa sikukuu, tukabaki na gari letu la kutufikisha Jeddah. Nalo, siku tatu kabla ya safari, likaanza kulia tak-tak kila likikata kona, usukani mzito kama jiwe. Fundi alisema ekseli yote ya mbele ibadilishwe, kazi ya wiki nzima. Jirani yetu Mkenya akamshauri baba: “Mzee, hii ingizeni sebuleni, mkalie kama kochi.”

Nililia. Mama akavaa abaya yake, akashuka uwanjani.

“Mgonjwa haulizwi tu anaumwa wapi,” alisema. “Anaulizwa anaumwa akifanya nini.”

Akamwambia baba azunguke polepole, naye akatembea kando ya gurudumu, kichwa ameinamisha. Tak-tak. Akamwambia afungue friwili, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, azunguke tena. Kimya. Baba akatangaza limepona.

“Halijapona, limepumzishwa. Usukani si bado mzito?”

Gurudumu lenyewe, alieleza, huzunguka wakati wote. Shafti ya ndani huzunguka friwili zikifungwa tu. Basi ugonjwa uko ndani, kwenye kiungo cha shafti kinachojikunja usukani ukikatwa. Wakapiga jeki, wakaitoa shafti ya kulia. Krosi, kile kiungo chenye mikono minne, ilikuwa imeganda. Beringi zake, nyembamba kama sindano, zimekuwa unga mwekundu. Maji ya kila Ijumaa yalikuwa yameondoa grisi yote.

Baba alikaa chini. “Nimeliosha hadi nimeliua.”

“Uliliosha kwa mapenzi,” mama akasema. “Sasa litie grisi kwa akili.”

Jirani alikwenda mwenyewe kununua krosi mpya, akasaidia kuigonga ndani. Baba akafunga friwili, akazunguka uwanja mara tatu, usukani ukirudi wenyewe kati. Hakuna sauti. Watu walipiga makofi toka madirishani.

Jeddah tulimkuta bibi mlangoni kwa jamaa, mkoba wake umeshafungwa. Aliitazama mikono ya mama, kucha nyeusi tii.

“Mkwe wangu, mikono hii imefanya nini?”

“Imekuletea mjukuu.”

Nilikaa mapajani mwake mchana mzima, nikinusa karafuu kwenye kanga yake. Kesho yake aliondoka, na sikumwona tena. Gari liliishia kwa wauza vyuma, jirani alirudi kwao, baba naye hayupo. Lakini wenzangu wengi waliokulia ugenini wanawajua bibi zao kwa picha tu. Mimi nina mchana mmoja, mzima.