Dakika Themanini za Bryony Tuckwell

Saa nane na robo mchana, Jumamosi ya manyunyu, Bryony Tuckwell amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Nahodha wake, Imogen Rudge, anamzungushia utepe masikioni.

"Kaza," anasema Bryony.

"Unayalinda ya nini haya, dada? Yalishakunjamana zamani."

Bryony ana miaka thelathini na minne. Alikuwa akikamua ng'ombe na baba yake hadi alipofikisha ishirini na sita, raga ikawa ajira. Leo ni mechi yake ya 187 akiwa na timu ya Thornbrook, na huenda ikawa ya mwisho. Mwaka jana alipasuliwa shingo, akakaa nje miezi kumi na mmoja. Mkataba unaisha wiki ijayo, na Kocha Hilary Stroud hakumzungusha.

"Nionyeshe shingo hiyo inamaliza mechi nzima, nikupe mwaka mwingine," alimwambia. "Ikishindwa, tuagane kwa wema."

Mechi nzima ni dakika themanini. Wavaa jezi namba tatu kama yeye, ambao shingo zao ndizo hubeba uzito wa skramu, wanane wakisukumana na wanane, hutolewa kwenye dakika ya hamsini wakiwa hoi.

Ya hamsini inapita, yumo. Ya sitini, yumo. Jukwaani mama yake, Doreen, ameacha chai ipoe.

"Tangu mdogo yuko hivyo hivyo," ananiambia mimi mwandishi. "Akishika kitu, labda umkate mkono."

Dakika ya sabini na nane, Thornbrook wako nyuma kwa pointi mbili. Wanapata penalti mbele kabisa ya milingoti, mita tano tu kutoka mstari wa goli. Hata mimi ningeupitisha mpira ule, pointi tatu, mechi kwisha. Bryony anamvuta Imogen jezi.

"Omba skramu."

"Una wazimu wewe?"

"Omba, nakwambia."

Imogen anamtazama, kisha anaomba. Pembeni, Kocha Hilary anajishika kichwa. Hawa wa mstari wa mbele wa skramu hawana akili timamu, na nasema hivyo kwa mapenzi.

Mwamuzi anaita: chini, shikaneni, anza. Vichwa vinagongana hadi jukwaani tunasikia. Skramu inayumba, inagoma. Kisha wapinzani wanarudi hatua moja, ya pili, ya tatu, wanazidiwa na kuiangusha. Mwamuzi anakimbilia chini ya milingoti na kunyoosha mkono: kuiangusha makusudi ni kosa, na hapo mstarini adhabu yake ni kuhesabiwa kama tumefunga. Pointi saba! Mimi niliyelipwa kukaa na kuandika, nimesimama juu ya kiti napiga kelele.

Filimbi ya dakika ya themanini inalia Bryony bado yumo, na Thornbrook wameshinda. Kocha anamfuata, uso bado ameukunja.

"Mimi nilishaamua tangu dakika ya sitini. Mkataba uko mezani. Sasa skramu ile ulikuwa unamwonyesha nani?"

Bryony anajifuta tope shingoni. "Wewe ulishaamua, Kocha. Mimi nilikuwa bado. Tangu nitoke hospitali, kila nikiinama kwenye skramu nafumba macho."

"Na leo?"

"Leo nimeona kila kitu."

Jumatatu atasaini. Anataka mwaka mmoja tu, halafu arudi kwa ng'ombe wa baba yake siku atakayoichagua mwenyewe.

"Nilikuwa karibu niache kwa woga," anasema. "Sasa nitaacha nikishiba."